Kufundisha hisabati kwa udadisi, kujaribu na kukosea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa huulizwa na walimu, wazazi, na wakati mwingine wanafunzi wenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: jibu lisilo sahihi ni fikra ya mtu iliyoandikwa kwenye daftari, na fikra hiyo inasomeka. Mwalimu anayejua kuisoma anafundisha vizuri zaidi kuliko anayeifuta haraka.

Kufundisha kwa udadisi maana yake nini darasani?

Maana yake swali linatangulia kanuni. Tulivyozoea, mwalimu huandika kanuni ubaoni, hufanya mifano miwili, kisha hutoa zoezi. Hapa mpangilio unageuzwa. Wanafunzi wanapewa jambo la kuchunguza, wanahangaika nalo kwa muda, ndipo kanuni inakuja kujibu kitu ambacho tayari wanakitafuta.

Chukua eneo la mstatili. Badala ya kuuliza eneo la mstatili wa sm 8 kwa sm 4, toa uzi wa sm 24 uliofungwa ncha zake na uulize: kwa uzi huu tunaweza kutengeneza mistatili gani, ikiwa pande zote ni namba nzima? Upi una eneo kubwa kuliko mingine? Wengi huanza wakiamini kwamba mzingo ukiwa uleule, eneo nalo litakuwa lilelile. Jedwali linawakatalia: 1 kwa 11 inatoa 11, 2 kwa 10 inatoa 20, 3 kwa 9 inatoa 27, 4 kwa 8 inatoa 32, 5 kwa 7 inatoa 35, na 6 kwa 6 inatoa 36.

Hapo nyamaza kidogo. Yupo atakayeona kwamba maeneo yanaongezeka kwa 9, kisha 7, 5, 3 na 1, namba witiri zikishuka kwa mpangilio. Mwingine ataona kwamba kila eneo likitolewa katika 36 kinabaki 25, 16, 9, 4, 1. Kwa nini vipeo vya pili? Sasa swali ni lao. Darasa la juu unaweza kulipeleka hadi (6 − x)(6 + x) = 36 − x², na aljebra ikafika ikiwa na kazi ya kufanya. Darasa la chini linaishia kwenye jedwali, na bado limezidisha, limepima na limetenganisha mzingo na eneo, dhana mbili zinazochanganywa hata na watu wazima. Anayemaliza mapema muongezee hili: uzi ni uleule, ila upande mmoja wa mstatili ni ukuta na hauhitaji uzi. Mraba haushindi tena. Unashinda mstatili wa 6 kwa 12, wenye eneo la 72.

Kwa hiyo mwalimu anakaa pembeni, watoto wanajigundulia wenyewe?

Hapana, na dhana hiyo ndiyo imeiharibia njia hii jina. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyosomwa sana wakipinga ufundishaji usio na mwongozo. Hoja yao ni kwamba anayejifunza jambo jipya hawezi kushika mambo mengi akilini kwa wakati mmoja, na akiachwa apapase gizani, nguvu yote inaishia kwenye kupapasa. Hoja hiyo ni ya kweli na mwalimu yeyote ameiona kwa macho yake.

Upande wa pili kuna utafiti wa Manu Kapur, uliofanyika Singapore. Wanafunzi walipewa takwimu za mabao ya washambuliaji wa mpira wakaulizwa nani hatetereki mwaka hadi mwaka, kabla ya kufundishwa kipimo chochote cha mtawanyiko wa data. Walibuni njia nyingi, na karibu zote zilikuwa na kasoro. Lakini walipofundishwa baadaye, walielewa dhana kwa kina kuliko wenzao walioanza na maelezo ndipo wakafanya mazoezi. Kwenye ukokotoaji mtupu hawakuachana sana.

Neno la kuzingatia ni "walipofundishwa". Mwalimu alikuja akaeleza waziwazi, akianzia kwenye njia walizobuni wao. Ukiiondoa hatua hiyo, kinachobaki ni kuhangaika tu. Tena watoto wa madarasa ya chini ya shule ya msingi hawaonekani kunufaika na mtindo huu kama wanafunzi wakubwa. Kwao swali liwe dogo, na muda wa kujaribu peke yao uwe mfupi.

Kosa linaweza kumfundisha mwalimu nini? Si kosa tu?

Makosa mengi yana utaratibu. Mtoto anaandika 52 − 27 = 35. Ukimuuliza anasema: "Saba kutoa mbili, tano. Tano kutoa mbili, tatu." Kila safu ametoa namba ndogo kwenye kubwa, kwa sababu aliwahi kuambiwa, pengine na mwalimu mzuri tu, kwamba huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo. Ametii kanuni. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton walionyesha kuwa makosa mengi ya kutoa ni ya aina hii: mtoto anafuata hatua zake kwa uaminifu, ila hatua moja imeharibika. Kumwandikia mkasi mwekundu na kumrudishia zoezi lilelile ni kumpa nafasi ya kuizoea hatua mbovu.

Mfano mwingine ni huu: 8 + 4 = □ + 5. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, wanafunzi 145 wa darasa la sita walipewa swali hili na hakuna hata mmoja aliyeandika 7. Wote walijibu 12 au 17. Kujumlisha wanajua. Tatizo ni alama ya =, ambayo kwao ilikuwa amri ya "andika jibu", wala hawakuiona kama tamko kwamba pande mbili ni sawa. Mtoto huyu atafika kwenye milinganyo, ataanguka, na watu watasema aljebra ni ngumu.

Kwenye desimali ndiko unakohitaji umakini zaidi. Uliza: ipi kubwa, 0.35 au 0.8? Anayesema 0.35 anaifikiria 35 na 8 kama namba nzima. Anayesema 0.8 je, ameelewa? Huenda ndiyo. Huenda pia anaamini kwamba desimali fupi daima ni kubwa, kwa kuwa sehemu za kumi ni kubwa kuliko sehemu za mia. Huyo utamgundua ukiuliza swali la pili: 0.3 au 0.42? Atachagua 0.3. Wawili hawa wanahitaji masomo tofauti, na mmoja wao amepata vema kwenye swali la kwanza. Kwa hiyo hata jibu sahihi lina haki ya kuulizwa "kwa nini?"

Nikiona kosa, nifanye nini papo hapo?

Uliza kabla ya kusahihisha. Kisha tafuta swali litakalomfanya mwanafunzi agongane na jibu lake mwenyewe. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, mwanafunzi akiwa ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5:

— Umefikaje hapo?
— Nimejumlisha za juu, nikajumlisha za chini, mwalimu.
— Sawa. Ulianza na nusu. Ukaongeza kitu. Jibu lako ni kubwa kuliko nusu au dogo?
— Mbili ya tano... ni dogo.
— Ulipoongeza, ikapungua?

Acha akae na hilo. Wengi watarudi wenyewe kwenye mchoro au kwenye asili ya pamoja. Na wakisharudi, usiitupe njia yao ya kwanza, kwa sababu ina mahali pake halali. Mchezaji akipata penalti 1 kati ya 2 leo na 1 kati ya 3 kesho, kwa jumla amepata 2 kati ya 5. Hapo kujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili ni sahihi kabisa. Waulize sasa: mbona 2/5 iko katikati ya 1/3 na 1/2? Je, itakuwa katikati daima? Nimeona swali hili likiamsha darasa zima, hata waliopata jibu sahihi tangu mwanzo, kwa sababu wao nao hawakuwa wamewahi kujiuliza kwa nini njia ile "haifai".

Makosa mengine si uzembe tu?

Yapo. Aliyeandika 7 × 8 = 54 mara moja ameteleza, na kumwekea mjadala ni kupoteza muda. Kuwatofautisha ni rahisi: mpe maswali mawili matatu ya aina ileile. Aliyeteleza atapata, mwenye dhana potofu atakosea vilevile kila mara.

Nikiweka makosa ubaoni, hawatayakariri?

Hofu hii ni ya msingi, na jibu linategemea unavyofanya. Kosa likiachwa ubaoni bila maelezo, madhara yapo. Likiwekwa kando ya njia sahihi na wanafunzi wakatakiwa kueleza kwa nini hili linakubali na lile linakataa, wanaelewa zaidi kuliko wakionyeshwa njia sahihi peke yake. Kelley Durkin na Bethany Rittle-Johnson walilipima jambo hili kwenye desimali na kuchapisha matokeo mwaka 2012, na waliolinganisha mifano sahihi na ile yenye makosa walifanya vizuri zaidi.

Usiandike jina la mwenye kosa. Sema "kuna mtu aliwaza hivi" au "darasa jingine walijibu hivi". Na kipindi kisiishe bila njia sahihi kubaki ubaoni, ikiwa imeandikwa kwa ukamilifu.

Wakishaona ruwaza, inatosha? Kuthibitisha kuna haja gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu kujaribu bila kuthibitisha kunaweza kumpotosha mtu vibaya.

Wape duara. Weka nukta kwenye ukingo wake, unganisha kila nukta na kila nyingine, uhesabu vipande ndani ya duara. Nukta 1, kipande 1. Nukta 2, vipande 2. Tatu, 4. Nne, 8. Tano, 16. Waambie watabiri nukta 6. Darasa zima litasema 32 kwa sauti moja, na wengine hawatataka hata kuchora. Wachore. Itatoka 31. Watahesabu upya, watalaumiana, watachora duara kubwa zaidi, na itabaki 31. Angalizo la kazi: nukta zisipangwe kwa umbali sawa, kwani hapo mistari mitatu itakutana katikati ya duara, kipande kimoja kitapotea na watapata 30. Anayepata 30 naye asikatishwe tamaa, maana kwa nini imekuwa 30 ni uchunguzi mzuri tosha.

Baada ya hapo wataelewa kwa nini tunadai uthibitisho. Unaweza kuwaonyesha pia n² + n + 41, ambayo mwanahisabati Euler aliichunguza. Weka n = 0, 1, 2 na kuendelea: zinatoka namba tasa tupu, hadi n = 39. Ikifika 40 inatoka 1681, ambayo ni 41 × 41. Mara arobaini mfululizo imekubali, kisha ikakataa.

Wanahisabati wakubwa nao hukosea?

Sana, na wanafunzi wanastahili kulijua hili. Fermat aliamini kwamba namba za aina ya 2 kwa kipeo cha 2ⁿ, kisha kuongeza 1, ni tasa zote. Tano za mwanzo ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65537. Ya sita ni 4294967297, na mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Kisa chenye mafunzo zaidi ni cha Alfred Kempe. Mwaka 1879 alichapisha uthibitisho kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote iliyo bapa bila nchi zinazopakana kufanana rangi. Ulikubaliwa kwa miaka 11, hadi Percy Heawood alipouona ufa wake mwaka 1890. Lakini Heawood hakuutupa. Kwa mbinu ileile ya Kempe alithibitisha kuwa rangi tano zinatosha, na Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipoikamilisha kazi ya rangi nne mwaka 1976, kwa msaada wa kompyuta, wazo la Kempe lilikuwa bado ndani. Uthibitisho wenye kosa uliwaachia wengine zana ya kufanyia kazi. Andrew Wiles naye alitangaza uthibitisho wake maarufu wa nadharia ya mwisho ya Fermat mwaka 1993, pengo likaonekana, na akaliziba mwaka uliofuata akisaidiana na Richard Taylor.

Jedwali la kuzidisha je? Kukariri kumepitwa na wakati?

Hakujapitwa. Mwanafunzi anayehesabu vidole kutafuta 6 × 7 hana nafasi akilini ya kuona ruwaza yoyote. Alijue jedwali, tena barabara. Ila njia ya kulijua inaweza kuwa na uhai: 5 × 5 ni 25, na 4 × 6 ni 24. 7 × 7 ni 49, na 6 × 8 ni 48. 9 × 9 ni 81, na 8 × 10 ni 80. Je, hupungua moja daima? Kufikia hapo wamezidisha mara nyingi kuliko zoezi la kawaida lingewadai, na kila mara walikuwa wakitafuta kitu.

Muda hautoshi. Silabasi ni ndefu, nitamaliza vipi?

Si kila kipindi kiwe cha uchunguzi. Chagua dhana chache zinazobeba nyingine: thamani ya nafasi, sehemu, alama ya usawa, uwiano. Huko ndiko wanafunzi hukwama kwa miaka. Kanuni ya mpangilio wa matendo, majina ya pembe, namna ya kutumia kipimapembe, hayo waambie tu, kwani ni makubaliano ya watu na hakuna cha kugundua.

Darasa langu lina wanafunzi wengi mno.

Kazi yako inakuwa kuchagua nini kisikilizwe, kwa kuwa huwezi kumsikiliza kila mmoja. Wafanye kazi wawili wawili, nawe upite kati ya madawati ukiwa na karatasi, ukiandika nani ametumia njia gani. Chagua njia tatu, uzipange: anza na ile ya kuchora au kuhesabu moja moja, fuata yenye kosa linalojirudia kwa wengi, malizia na iliyo fupi. Masomo ya hisabati ya Japani yamesifika kwa utaratibu wa namna hii, ambapo swali moja hubeba kipindi kizima na mwalimu huamua nani aeleze na kwa mfuatano upi.

Wanafunzi wangu wanaogopa kukosea, hawanyooshi mkono. Nianzie wapi?

Anza na ukimya wako. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi miaka ya 1970, aligundua kuwa walimu husubiri takriban sekunde moja baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojibu wakaongezeka, na waliobaki kimya wakapungua. Sekunde tatu ukiwa mbele ya darasa huonekana ndefu mno. Zihesabu kimoyomoyo.

Kisha angalia unavyosahihisha. Ruth Butler, katika utafiti wa mwaka 1988, aliwapa wanafunzi wengine alama, wengine maoni ya maandishi, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake waliongeza bidii na matokeo yao yakapanda. Waliopewa alama pamoja na maoni walifanana na waliopewa alama tupu: wakishaiona alama, maoni hayasomwi. Shule inataka alama, na huna hiari kwenye mitihani. Kwenye daftari la kila siku unayo. Andika: "Mstari wa tatu, jaribu kuweka x = 2 uone kama pande zote mbili zinakubaliana," kisha mrudishie bila namba juu yake.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa uchungu. Darasa ambalo mwenzao akikosea linacheka halijifunzi kwa makosa, hata mwalimu awe hodari namna gani. Kicheko hicho kikomeshwe siku ya kwanza.

Mimi ni mzazi, hisabati yenyewe nimeisahau. Nitamsaidiaje mwanangu?

Huna haja ya kujua jibu. Mwambie akueleze swali linataka nini, akuonyeshe alikoanzia, na akupe njia ya kuhakiki jibu lake. Mara nyingi atalikamata kosa akiwa katikati ya kukueleza. Epuka kusema mbele yake kwamba hata wewe hisabati ilikushinda, kwa sababu ataichukua kama ruhusa.

Mwanafunzi akiniuliza jambo nisilolijua?

Sema hulijui, liandike pembeni mwa ubao, mlitafute pamoja. Kuna maswali ambayo hakuna binadamu anayejua jibu lake, na mengine yanaeleweka na mtoto wa darasa la nne. Chukua namba yoyote nzima kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3 uongeze 1. Rudia. Je, daima utafika 1? Swali hili linahusishwa na Lothar Collatz wa Ujerumani, tangu miaka ya 1930, na hadi leo halijathibitishwa. Wape namba ndogo kwanza, waone zinavyopanda na kushuka. Wakishadai kwamba ni rahisi, wape 27, na karatasi za kutosha: itapanda hadi 9232, na itawachukua hatua 111 kufika 1.